Ukurasa wa kushoto si wa mwalimu

Walimu wenzangu wakija kuniuliza kuhusu daftari shirikishi, lile ambalo ukurasa mmoja ni wa maelezo ya somo na wa pili ni wa mawazo ya mwanafunzi mwenyewe, swali la kwanza karibu kila mara huwa la gundi. Gundi gani, ya maji au ya kijiti? Basi tulimalize hilo: ya kijiti. Ya maji hukunjamanisha karatasi, hupenya upande wa pili, na daftari likifungwa kabla halijakauka, kurasa mbili zinakuwa moja. Kama huna nyingine, tone moja kwenye kila pembe na liishie hapo. Watoto wanaamini kwamba gundi ikiwa nyingi ndiyo hushika, na hakuna hoja itakayowatoa kwenye imani hiyo isipokuwa daftari lililogoma kufunguka.

Swali hilo huniudhi kidogo, lakini nalielewa. Mwalimu ameona mtandaoni picha za madaftari yaliyopambwa, naye akataka ya kwake yawe vile. Kipindi kizima kinakwenda kwenye mkasi. Mwishoni sakafu imejaa vipande vya karatasi, na kila mwanafunzi ana kikaratasi kinachofunguka kama dirisha, na ndani yake kuna maana ya neno waliyoinakili kutoka ubaoni. Kunakili ni kunakili tu, hata ukikuwekea bawaba.

Wazo lenyewe ni dogo sana. Ukifungua daftari una kurasa mbili mbele yako. Wa kulia ni wa kinachoingia: maelezo ya mwalimu, kanuni, mchoro wa kitabuni, matokeo ya jaribio. Wa kushoto ni wa kinachotoka kichwani mwa mwanafunzi baada ya kukutana na vitu hivyo, au kabla. Utaratibu huu ulienezwa sana na walimu wa historia na maarifa ya jamii nchini Marekani, kupitia vitabu na mafunzo ya Teachers' Curriculum Institute, na nadhani ndiyo maana mifano mingi utakayokutana nayo ni ya ramani, vibonzo na barua za kuigiza. Mimi nafundisha sayansi, kwa hiyo mengi nimelazimika kuyatunga. Wapo wanaogeuza pande, kushoto kukawa kwa mwalimu. Haidhuru, ilimradi usije ukabadilisha katikati ya mwaka.

Mambo ya utaratibu nayapitia haraka. Kurasa nne za mwanzo ni za yaliyomo. Kurasa zote zinapigwa namba siku ya kwanza, na darasa zima linakwenda na namba zile zile, ili nikisema fungueni ukurasa wa 37 asiwepo anayefungua wa 52. Aliyekosa kipindi anaruka kurasa zake mbili, anazijaza baadaye. Nami nina daftari langu, liko mezani siku zote, na aliyekosa ananakili humo upande wa kulia. Wa kushoto nimeubana kwa klipu. Huo atajaza wa kwake.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niandike. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mkondo wa umeme. Kabla sijafundisha chochote, nachora ubaoni betri moja, balbu moja na waya mbili. Wanachora vile vile upande wa kushoto, kisha wanaonyesha kwa mishale jinsi mkondo unavyopita: pale wanapodhani ni mkubwa, mshale uwe mnene, pale wanapodhani umepungua, uwe mwembamba. Hakuna kutazamiana wala kufuta. Karibu darasa zima huchora mshale mnene unaoingia kwenye balbu na mwembamba unaotoka. Kwao balbu imekula sehemu ya mkondo, na kilichosalia ndicho kinachorudi kwenye betri. Walimu wa fizikia duniani kote wanaifahamu fikra hii, na ukiitazama vizuri ina mantiki yake: mwanga umetoka wapi kama hakuna kilicholiwa?

Halafu tunaunga sakiti. Ammeta moja, yaani kifaa cha kupimia mkondo, kabla ya balbu, nyingine baada yake. Zinasoma sawa. Safari moja zote mbili zilionyesha ampea 0.3, na mvulana mmoja akashikilia kwamba moja ni mbovu. Nikamwambia azibadilishe mahali. Akazibadilisha, akazigonga kidogo kwa kidole kama anayeziamsha, zikabaki pale pale kwenye 0.3. Ndipo nikatoa maelezo ya upande wa kulia: kwenye sakiti ya mfululizo, yaani yenye njia moja tu, mkondo ni ule ule kila mahali, kinachotoka kwenye betri na kuishia kwenye balbu ni nishati. Mistari michache, wanaandika, basi.

Daftari la kawaida lingeishia hapo, nalo lingemtunza mwanafunzi kama mtu aliyejua jibu tangu mwanzo. Ule mshale mwembamba usingeonekana popote, na mwenyewe angeapa hakuwahi kuuwaza, mpaka siku ya mtihani utakapomrudia. Kwenye daftari letu wanarudi upande wa kushoto na kalamu ya rangi nyingine. Mchoro wa zamani haufutwi. Wanaandika pembeni yake wangemwambia nini yule aliyeuchora.

Msichana mmoja, ambaye si wa kunyoosha mkono, aliandika hivi: "Nilidhani balbu inakula mkondo. Ammeta zimekataa. Lakini kama mkondo hauliwi, kwa nini betri inaisha?"

Nilisimama kwenye dawati lake nikasoma mara mbili. Swali lile ndilo lililokuwa somo linalofuata, na halikutoka kwangu. Kipindi kilichofuata niliandika ubaoni "kwa nini betri inaisha?" bila kutaja mwenye swali, na darasa likalifanyia kazi hadi kengele. Mmoja alisema elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba mkondo, zinaisha. Mwingine akamuuliza zinakwenda wapi, maana ammeta ya pili imezihesabu zote zikirudi. Wakafika wenyewe karibu kabisa na mahali nilipotaka: kinachokwisha ni zile kemikali ndani ya betri ambazo mmenyuko wake ndio unaozisukuma elektroni. Nilibakiwa na kazi ya kuwapa neno mmenyuko tu.

Tangu hapo swali la ukurasa wa kushoto nalipima kwa jambo moja: je, linaweza kujibiwa kwa kuchungulia ukurasa wa kulia? Kama linaweza, nalitupa. "Chora picha ya ulichojifunza leo" linafeli kipimo hiki vibaya sana. Watazalisha picha iliyopakwa rangi vizuri ya kitu kile kile kilichoko upande wa pili. Hadithi ya tone la maji, ile ya mzunguko wa maji, nayo niliiacha, kwa sababu matone yote yalisafiri safari moja: bahari, mvuke, wingu, mvua, mto, bahari, na kwaheri. Nikaigeuza. Sasa nawaambia tone lako lilikaa mahali pamoja kwa miaka elfu moja. Lilikuwa wapi, na kwa nini halikutoka? Hapo inabidi mtu afikirie barafu nene za ncha za dunia, au maji yaliyo chini sana ardhini, au vilindi vya bahari, na aeleze kilicholizuia. Kuna aliyeniambia lilikuwa kwenye wingu. Nilimwandikia: "Umewahi kuona wingu la wiki jana?"

Kinachofanya kazi karibu kila mada ni hiki: tunga swali la mtihani ambalo rafiki yako atalikosea, andika jibu baya atakaloandika, kisha eleza kwa nini litamvutia. Hakuna mtu anayeweza kutunga mtego mzuri asioujua mwenyewe. Mchoro wa visanduku vinne wa Frayer, uliotoka Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1969, nao nautumia kwa istilahi ngumu: maana, sifa, mifano, na vitu visivyo mfano. Kisanduku cha mwisho ndicho chenye thamani. Mtoto yeyote atakutajia mamalia. Muulize mnyama anayedhaniwa kuwa mamalia na si mamalia, au kinyume chake, uone atakavyobishana na jirani yake kuhusu popo na nyangumi.

Wasiopenda kuchora wapo, na sioni sababu ya kuwatesa. Jedwali, mishale, orodha ya hoja, mazungumzo ya watu wawili, vyote ni halali upande wa kushoto. Rangi natumia mbili tu na zina kazi: moja ya wazo la kwanza, nyingine ya wazo lililorekebishwa. Aliyekuja na kalamu kumi na mbili za kumetameta atazitumia kwenye jalada.

Kusahihisha ndiko kunakowakimbiza wengi, na wana haki. Rundo la madaftari ya darasa zima, kila moja limevimba kwa karatasi zilizobandikwa, halibebeki wala halisomeki kwa usiku mmoja. Mimi sisomi kurasa zote. Mwishoni mwa mada nachagua ukurasa mmoja wa kushoto, mwanafunzi anachagua mwingine anaojivunia, hizo mbili ndizo nazisoma kwa makini. Ukurasa wa kulia nautazama nikipita katikati ya madawati, kuona umekamilika tu. Alama za unadhifu sitoi. Najua wapo wanaozitoa na wana sababu zao, ila nimeona daftari chafu lenye hoja moto na daftari safi lisilo na mtu ndani. Kwenye kurasa za kushoto siweki tiki wala alama ya X. Naandika swali, na mwanafunzi analijibu chini yake. Istilahi iliyoandikwa vibaya naisahihisha papo hapo, hiyo haina mjadala.

Wakati wa marudio daftari hili linakuwa chombo kingine. Wanafunzi wengi wakiambiwa warudie, wanasoma maelezo yao upya, na tena, na tena, na wanajisikia wanajua. Utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulilionyesha hilo vizuri: waliosoma matini tena na tena walifanya vizuri kuliko wenzao walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio walioongoza. Kwa hiyo siku za marudio tunafunika ukurasa wa kulia kwa karatasi. Mwanafunzi anatazama wa kushoto peke yake, mchoro wake, swali lake, mtego wake, na anaandika pembeni maelezo ya kulia yalisema nini. Kisha anafunua na kulinganisha. Kelele za "aah!" ni nyingi. Wanaofahamu utaratibu wa kuandika maelezo wa Chuo Kikuu cha Cornell, alioubuni Walter Pauk, wa kuacha safu nyembamba kando kwa ajili ya maswali, wataona undugu.

Yapo matoleo ya kompyuta, na kwa shule yenye vifaa yana faida zake, hasa kwa picha za majaribio na sauti. Nimeyajaribu. Kinachonikera ni kwamba wazo la kwanza linafutika bila kuacha alama, na mwanafunzi akiona kosa kidole chake kinakwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta.

Jambo la mwisho ni wazazi. Mzazi anafungua daftari, anaona mchoro wenye kosa, hakuna alama ya X, anajiuliza huyu mwalimu anafanya kazi gani. Nimelimaliza kwa kubandika ujumbe ndani ya jalada la mbele: "Ukurasa wa kulia una maelezo ya somo, na ukiona kosa humo tafadhali niambie. Ukurasa wa kushoto ni wa mwanao. Ukiona jambo usilokubaliana nalo, muulize alikuwa anafikiria nini, kisha mwache aandike jibu kwa kalamu ya rangi nyingine." Baadhi wameanza kuandika maswali yao humo humo, jambo ambalo sikuliomba, na wanafunzi wanalalamika kwamba sasa wana wasahihishaji wawili.