Siku sita za danadana na sapoti niliyoilipia

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa mbili na robo asubuhi, alikuja mama mmoja na cheti cha mtoto wake. Amoxicillin ya maji, paracetamol ya maji na pakiti nne za ORS. Binti yangu wa kaunta akaingiza vitu vyote vitatu, akabonyeza Hifadhi. Skrini ikaganda, kisha kikatokea kisanduku cha Kiingereza chenye alama nyekundu. Akajaribu tena, kile kile. "Dada, imekataa," akaniita.

Nina famasi ndogo Morogoro mjini, si mbali na Soko la Kingalu. Programu ya mauzo na stoo niliifunga mwaka 2017, na tangu hapo kila mwaka nalipa shilingi 1,200,000 za sapoti kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyoniuzia. Sijawahi kuchelewesha hata mwaka mmoja. Nasema hivyo mapema kwa sababu ninayoyaandika hapa si malalamiko ya mtu anayetaka huduma ya bure.

Nikasogea kwenye skrini na kuusoma ujumbe. Ulikuwa mrefu, wenye majina ya ajabu ya majedwali, lakini kiini chake nilikielewa: mauzo yameshindwa kuandikwa kwa sababu sehemu iitwayo PRIMARY imejaa. Nikaupiga picha kwa simu, nikaituma kwenye namba yao ya WhatsApp ya wateja saa mbili na dakika ishirini na tatu. Ikumbuke picha hiyo, maana nimeituma mara nne.

Nikapiga simu. Baada ya dakika kumi na saba za muziki akapokea kijana mwenye sauti ya upole. Jina la biashara? Namba ya mteja? Toleo la programu? Nikajibu yote. Nikamwambia nimeshatuma picha ya ujumbe. Akasema, "Sawa dada, zima kompyuta uwashe." Nikazima, nikawasha. "Zima na seva." Seva yetu ni kompyuta ya kawaida iliyoko stoo chini ya meza, nikaizima nayo. Wateja watano wamesimama kaunta. Ikawaka, ikakataa vile vile. Akaniuliza kama bando la intaneti limeisha. Programu hii haitumii intaneti kuuza, inapita kwenye waya wa humu humu dukani, na waya huo waliuvuta wao.

Hatimaye akasema nifungue AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aliye mbali aiendeshe kompyuta yako. Nikamsomea zile namba tisa, nikamruhusu, nikaona kishale kikitembea chenyewe. Akafungua ukurasa wa mauzo, akaweka Panadol pakiti moja, akabonyeza Hifadhi. Ikakubali. "Mbona inakubali dada?" Nikamwambia ajaribu vitu vitatu au vinne, yale ya kitu kimoja kimoja mengine yanapita. Nilipomaliza kusema alishatoka. Mteja aliyefuata alikuwa na dawa tano, ikakataa.

Kilichonichosha zaidi ni hicho. Tatizo linalokuja na kuondoka linamfanya anayelalamika aonekane hajui kutumia mashine. Siku ile nilisikia neno "labda mnakosea kuingiza" mara tatu kutoka kwa watu wawili tofauti, wakati binti yangu ameuza kwa programu hiyo miaka minne na anaijua kama kiganja chake.

Jumamosi nikampata mwingine. Jina la biashara? Namba ya mteja? Toleo la programu? Tatizo limeanza lini? Nikauliza kama hana maelezo ya mwenzake wa jana. Akasema anayo, ila nimweleze upya. Nikamtumia ile picha mara ya pili. Akafungua AnyDesk, akaangalia diski, akasema, "Dada, diski yako ina GB 312 wazi, haijajaa. Hiyo ni virusi." Tukaskani virusi kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Hakuna kirusi hata kimoja.

Jumapili hawafanyi kazi. Sisi tunauza dawa, Jumapili tunafungua.

Kwa hiyo tukarudi kwenye daftari. Nilinunua kaunta buku, nikachora safu kwa rula: jina la dawa, idadi, namba ya bachi, tarehe ya kuisha muda, bei. Risiti tukawa tunazitoa kwenye mashine ya EFD kwa kuandika kila kitu kwa mkono. Mauzo ambayo programu ilikuwa inachukua nusu dakika yakawa dakika nne. Na daftari halikukumbushi kwamba kuna boksi la bachi inayoisha muda mwezi ujao lililokaa nyuma ya boksi jipya. Programu ndiyo iliyokuwa inatuambia toa hili kwanza. Kwa muuza sabuni hilo ni hasara ya fedha tu. Kwa dawa ni jambo jingine kabisa, na nililala vibaya usiku wote ule nikiwaza rafu zangu.

Jumatatu asubuhi akapiga baba mmoja kutoka Mzumbe, mteja wangu wa siku nyingi, anatumia insulini. Aliuliza kama ipo. Binti akaangalia kwenye programu, ikasoma nne. Akamwambia njoo. Yule mzee akapanda daladala, akafika saa tano na kijipoza chake cha kubebea insulini mkononi, tukafungua friji pamoja. Ilikuwa tupu. Tatu ziliuzwa Jumamosi na moja Jumapili, zote zimeandikwa kwenye daftari, na programu haikupunguza hata moja. Alitazama friji, akanitazama mimi, akasema, "Si neno mwanangu," akakaa kwenye benchi kupumzika. Nikatuma bodaboda kwenye famasi nyingine mbili hadi ikapatikana. Nililipa mimi. Lakini kile kijipoza kitupu kwenye mapaja ya mzee wa watu sijakisahau hadi leo.

Mzee akiwa bado yuko kwenye benchi, simu yangu ikalia ujumbe: tiketi yako imetatuliwa na kufungwa, tafadhali tupe nyota. Tiketi ndilo jina lao la lalamiko lililosajiliwa.

Nikapiga. Nikaelezwa kwamba tiketi hujifunga yenyewe ikipita saa arobaini na nane bila mrejesho wa mteja. Jumapili imo ndani ya saa hizo. Ikafunguliwa tiketi mpya, namba mpya, maelezo kuanzia mwanzo, picha mara ya tatu. Huyu wa tatu akaja na pendekezo: tufomati seva na kuinstoli upya. Nikamuuliza data zangu za tangu 2017 zinakwenda wapi. Akauliza, "Una bekapu dada?" Nilikuwa nayo ya Alhamisi kwenye flashi, lakini namna alivyouliza, kama mtu anayeuliza saa, ilinitisha. Nikakataa. Namshukuru Mungu nilikataa, maana sasa najua tungefuta kila kitu, turudishe hifadhidata ile ile yenye ukubwa ule ule, na ingegoma pale pale.

Usiku ule nikautoa mkataba kwenye faili na kuusoma neno kwa neno. Umeandikwa: mteja atajibiwa ndani ya saa mbili za kazi. Atajibiwa. Nilitafuta neno "kutatuliwa" kurasa zote sita, halimo. Yule kijana wa kwanza aliponipokea Ijumaa na kuniambia zima uwashe, kwa mujibu wa karatasi wao walishatimiza wajibu wao. Miaka yote nimelipia kujibiwa huku nikidhani nimelipia kutengenezewa. Kama una mkataba wa aina hii dukani au ofisini kwako, ufungue leo uangalie kitenzi.

Jumanne nikajaribu mlango mwingine, nikapiga kwa mtu wa mauzo. Alipokea simu ilipolia mara ya kwanza tu. Akasema pole sana, na kwamba nikihamia kifurushi cha juu nitahudumiwa na wataalamu moja kwa moja. Nilikata simu nikafikiria kupanda treni ya SGR niende nikagonge mlango wao.

Badala yake nikakumbuka kitu. Kijana aliyenifungia programu mwaka 2017 aliacha kazi pale zamani, yuko Mwanza siku hizi. Namba yake ninayo. Niliona aibu kumsumbua mtu asiyelipwa kwa ajili yangu, lakini maji yalishanifika shingoni. Nikamtumia ile picha. Hazikupita dakika tano akapiga.

"Dada, mmekuwa mnaskani fomu za bima na kuziingiza kwenye programu?"

Ndiyo, tangu 2021, kila fomu, kila siku.

"Basi imejaa. Kesho wapigie, usieleze tatizo tena. Sema tu unamtaka mtu wa databesi aangalie ukubwa wa faili la data. Sema maneno hayo hayo."

Jumatano saa tatu nikayasema maneno hayo hayo. Kimya kidogo, kisha, "Subiri dada." Nusu saa baadaye akanipigia mwanaume ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. Hakuniuliza jina la biashara. Akaingia kwa AnyDesk, akafungua dirisha nisilowahi kuliona, akanionyesha namba moja: MB 10,240, yaani GB 10 kamili.

Akanieleza taratibu, na nawaeleza nanyi kwa sababu maduka mengi yana programu zilizojengwa hivi. Chini ya programu yetu kuna ghala la data liitwalo SQL Server, na waliyotufungia ni Express ya 2014, toleo la bure. Toleo hilo lina ukomo: hifadhidata moja haivuki GB 10, hata kama diski ina nafasi ya kutosha kuhifadhi mara thelathini zaidi. Zamani ukomo ulikuwa GB 4, ukapandishwa mwaka 2010. Likifika hapo halilipuki. Linaendelea kusoma vizuri, bei zinaonekana, stoo inaonekana. Kuandika ndiko kunakokataa. Na kwa kuwa ndani ya faili bado kuna vipande vidogo vya nafasi hapa na pale, uuzaji mdogo unaweza kupenya na mkubwa ukagoma. Panadol pakiti moja ikapita, dawa tano zikakwama.

Akafuta kumbukumbu za nani kafungua ukurasa gani tangu 2017, akabakisha za mwaka mmoja. Nikamwita binti, tukaingiza dawa sita, Hifadhi. Ikaenda. Dakika kumi na moja tangu aingie, niliangalia saa ya ukutani. Tukakubaliana Jumapili usiku azihamishe picha za fomu zikae kwenye folda la kawaida, nje ya hifadhidata.

Nikamuuliza alijuaje haraka hivyo.

"Imeandikwa kwenye picha uliyotuma Ijumaa, dada. Nimefunguliwa hii tiketi leo."

Siwachukii wale vijana watatu wa simu. Nilimsikia mmoja akigeuza karatasi wakati ananiuliza maswali, na mwingine aliniomba kwa sauti ya chini nimpe nyota hata kama halijaisha, kwa sababu wanapimwa nazo. Wamewekwa mlangoni bila ufunguo. Kinachoniuma ni kwamba aliyejua alikuwa jengo lile lile, analipwa kwa fedha ile ile ninayotuma kila Januari, na kati yangu na yeye kulikuwa na siku sita na picha moja ambayo hakuna aliyeisoma hadi mwisho. Tena ukomo wa GB 10 waliufahamu siku wanafunga. Hakuna aliyenitajia nilipoanza kuskani fomu, ingawa kipengele cha kuskani walikiongeza wao na nikakilipia.

Mauzo 137 ya kwenye daftari tuliyaingiza kwa mikono Alhamisi na Ijumaa usiku, mimi nasoma, binti anaandika. Bachi mbili hazikulingana na rafu, tukahesabu boksi kwa boksi hadi saa tano usiku. Mzee wa Mzumbe nilimpigia mwenyewe. Siku hizi insulini yake naiweka pembeni kwenye friji na karatasi yenye jina lake, iwe programu inasema nne au arobaini.

Ankara ya mwaka mpya wameshaituma. Nimewaandikia kwamba nitalipa siku mkataba utakapokuwa na mambo matatu: tatizo linalozuia mauzo litatuliwe ndani ya siku moja ya kazi, tiketi ifungwe na mimi tu, na kila mwezi nitumiwe ukubwa wa faili la data. La tatu wamelikubali. Mawili yaliyobaki wanasema yapo kwa uongozi. Ankara nimeibana chini ya kalkuleta, hapo kaunta, ninapoiona kila nikifungua duka.