Wales, nchi inayompa mshairi kiti

Mcheza mpira akishinda hupewa kombe. Huku Wales mshairi akishinda hupewa kiti, kiti hasa cha mbao, kilichochongwa na fundi, abebe aende nacho kwake. Kwenye Eisteddfod Genedlaethol, tamasha lao kubwa la kila Agosti, Ijumaa ndiyo siku ya kiti. Watunzi hupeleka kazi kwa majina ya kujipachika, kwa hiyo jina la mshindi likiitwa, umati mzima hugeuza shingo kutazama nani atasimama. Mwaka 1917, mjini Birkenhead, jina liliitwa na hakusimama mtu. Mshindi alikuwa kijana mchunga kondoo, washairi wanamjua kama Hedd Wyn, na alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji Julai 31. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi.

Hilo ndilo tamasha kubwa. Mimi nimenasa kwenye vijikusanyiko vidogo vya vijijini. Jirani yangu, bibi mmoja mwalimu mstaafu, ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Ceredigion. Ukutani wachoraji wa hapahapa wametundika picha zao: bahari, kondoo, kisha kondoo tena. Mezani chai na bara brith, mkate wao wenye zabibu kavu. Hakukuwa na mgeni rasmi, jambo ambalo kwa Mtanzania ni ajabu tosha.

Baada ya watoto na kwaya, akainuka mzee mfugaji, viatu bado vina tope, akasoma ubeti mmoja juu ya mbwa wake aliyekufa. Wanauita englyn. Mistari minne, mizani 30: kumi, sita, saba, saba. Na hapo bado kuna cynghanedd, kanuni ya sauti ndani ya kila mstari. Aina yake mojawapo inataka konsonanti za kipande cha kwanza zijirudie kwa mpangilio uleule katika kipande cha pili. Sisi tunaolalamika kwamba vina vinatubana, tujaribu hiyo! Mzee alisoma mara mbili, ndiyo desturi. Mara ya kwanza watu walitega masikio tu. Mara ya pili, mstari wa mwisho, ukumbi ukaguna kama msikiti ulioguswa na mawaidha.

Bibi akanigusa kiwiko: "Na wewe nenda." Nikaghani beti tatu juu ya mvua ya huku, kwa mahadhi ya kwetu Tanga. Hakuna aliyeelewa neno. Lakini niliona vidole vya bibi vikigonga meza taratibu, na niliporudi kukaa akaninong'oneza, "Nane, halafu nane?" Naam, nane na nane, 16 kila mstari. Tangu nije Uingereza, hata Mswahili mwenzangu hajawahi kuniuliza mizani.

Tena wana kipindi cha redio, Talwrn y Beirdd, kinachorushwa na BBC Radio Cymru tangu 1979. Timu za washairi zinashindana, hakimu anatoa alama juu ya kumi na kusema waziwazi mstari gani umelegea. Nikikisikiliza namkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa akirushiana beti na washairi wa Lamu. Na kwa sensa ya 2021 wanaozungumza Kiwelisi, lugha ya mashairi hayo, ndani ya Wales ni watu 538,000 hivi. Sisi tuko mamilioni kwa mamilioni.

Sasa tazama sherehe zetu za Uhuru huku ughaibuni. Hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya makamu, salamu za kila mkoa, halafu mshairi anaitwa wakati foleni ya pilau imeshafika mlangoni. Anaghani huku watu wanaulizana kama kachumbari imebaki. Akimaliza, DJ anamkatia muziki juu ya ubeti wa mwisho. Sisemi watu hawapendi ushairi. Haohao ukiwakuta kwenye taarabu wanashika kila neno, na noti wanatoa. Tatizo ni ratiba, na ratiba tunaipanga wenyewe.

Kwenye kikao cha maandalizi ya Desemba nimependekeza mashairi yatangulie, mtu yeyote aruhusiwe kusimama na ubeti wake, na sufuria zibaki zimefunikwa mpaka wa mwisho amalize. Dada wawili wameniunga mkono. Waliobaki wameniuliza kama ninaelewa nazungumza na watu wenye njaa.