Kabari ya Kijani

Picha ile ilibandikwa ukutani kwenye gereji ya mjomba wangu, Malindi, juu ya meza ya nyundo, kingo zake zimejaa vumbi la rangi ya kupuliza. Ilichanwa kwenye jarida la Kiitaliano lililoachwa na mteja. Malindi Waitaliano hawakosekani. Gari la kijani, ncha ya pua rangi ya chungwa, limepigwa picha kutoka ubavuni, milango imeinuka juu kama mbawa za mdudu anayetaka kuruka. Kando yake hapakuwa na mtu, mti wala ukuta. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba gari lile ni kubwa kama lori.

Nililiona kwa macho yangu Februari 2018, katika makumbusho ya Alfa Romeo huko Arese, nje kidogo ya Milan. Nilikuwa Milan kwa miezi mitatu nikijifunza kazi kwenye studio ya picha, na Jumapili moja nikapanda basi. Nilikaribia kulipita. Macho yangu yalitafuta kitu cha kunizidi kimo, kumbe Carabo, ndilo jina la gari lile, lilinifika kiunoni: sentimita 99 kutoka sakafuni hadi paani.

Nilisimama pale muda mrefu, koo limenikaba. Marcello Gandini alikuwa kijana wa miaka 30 gari hili lilipoonyeshwa Paris mwaka 1968, na alilichora kwa ajili ya Bertone, kampuni ya Kiitaliano ya kubuni na kuunda bodi za magari, juu ya chasi ya Alfa Romeo 33. Magari mengi ya kasi ya wakati ule yalikuwa na mapaja na mabega ya mviringo. Hili lilianza na ncha, likapanda kwa mstari karibu mmoja hadi paani, kama kabari ya kupasulia gogo. Mwaka 1971 Pininfarina, wapinzani wa Bertone, nao walitoa la kwao juu ya chasi kama hiyo wakaliita Cuneo, neno ambalo kwa Kiitaliano ndilo kabari yenyewe.

Nikatoa kamera. Picha kumi za kwanza zilinivunja moyo. Nimepiga nikiwa nimesimama, na gari likatoka kama ubao uliolazwa sakafuni. Nikaenda mbele: utepe mwembamba tu wenye magurudumu. Nikampigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba. Nimeliona lile la ukutani.”

“Marahaba! La kijani?” Akanyamaza kidogo. “Umesimama?”

“Nimesimama.”

“Mjomba, bodi haitazamwi kwa kusimama. Chuchumaa. Weka jicho usawa wa boneti, uangalie mwanga unavyotembea.”

Ndivyo alivyofanya maisha yake yote akinyoosha bodi: jicho moja limefumbwa, shavu karibu na bati, anatafuta mahali mng'ao unapopinda. Nikapiga magoti, kisha nikalala kifudifudi. Hapo kabari ikainuka. Sakafu ikatoweka, pua ikachoma mbele, na lile gari la ukubwa wa lori likarudi mbele yangu kama nilivyolijua utotoni. Aliyepiga picha ya jaridani naye alishuka chini, nina hakika, kisha akaondoa kila kitu ambacho jicho lingepimia. Wapiga picha wengine wa enzi ile walifanya kinyume: walimsimamisha msichana kando ya gari ili watu washangae lilivyo fupi. Ujuzi wote ni halali, lakini mimi nampenda zaidi yule aliyeliacha peke yake. Alilipa gari kimo ambacho chuma hakikuwa nacho.

Usiku nikamtumia mjomba picha moja kwa WhatsApp, ya ubavuni, mistari ya taa za dari imelala juu ya kijani. Nikamwandikia pia jina la Gandini, na kwamba Bertone walikuwa na kiwanda chao Grugliasco, karibu na Turin.

Hakuuliza habari za Gandini. Ilipita kama nusu saa, kisha ikaja sauti yake, redio ikisikika nyuma:

“Nimeikuza mpaka mwisho. Taa zimenyooka, hakuna bonde. Huyo fundi wa nyundo, yeye hawakumwandika jina?”