Vijiwe vya dada kwenye mchele na ile sms feki ya virusi

Dada yangu aligundua jicho lina shida akiwa anachambua mchele. Kakaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anaona kajiwe keusi, anakafuata na kidole kanakimbia, akihamisha macho nako kanahama, akitulia kanashuka taratibu kama jani kwenye maji. Akanigeukia mimi niliyeununua, "we mchele gani huu umeniletea, mawe matupu". Nikachukua ungo nikaangalia, mchele msafi kabisa, wa Mbeya ule.

Hiyo ni 2009. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametoka kupima, VVU ipo, CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga kwenye damu, 31 tu, chini mno, akaanzishiwa dawa. Na mimi mnaonisoma siku nyingi mnajua story yangu, nilishapima mwaka mmoja kabla, zangu zilikuwa 44. Kwa hiyo tulikuwa wote tuko chini ya 50, baba mmoja mama mmoja, tunakula chungu kimoja, ila yeye jicho la kushoto likaondoka na mimi mpaka leo nasoma maandishi ya chini kwenye paketi ya dawa bila miwani. Hilo swali limenikaa kichwani miaka na miaka, kwa nini yeye na siyo mimi, na ndo sababu ya post ya leo, kuhusu virusi vinavyokula jicho kinga ikishuka.

Kwanza nimalizie ya jicho. Tulienda kituo cha karibu wakampa matone ya aleji, wakasema macho yamechoka. Sitaki kuwalaumu sana manake jicho lenyewe kwa nje lilikuwa zuri tu, halijawa jekundu, haliumi, halitoi tongotongo. Ndo ubaya wa huu ugonjwa, unakula retina, ile ngozi ya nyuma kabisa ndani ya jicho inayopokea picha, na retina haina maumivu. Inaungua kimya kimya. Anayeumwa anaona tu vidoti vinaelea, mara vimulimuli, mara upande mmoja umeingia kiza kama pazia limevutwa nusu.

Wiki tatu zikapita na matone ya aleji. Baadaye hospitali kubwa wakamwekea matone ya kutanua mboni, tukakaa kwenye benchi kama nusu saa mpaka mboni ikawa pana kama ya paka usiku, afu daktari akavaa taa kichwani kama mchimba dhahabu wa Geita akaingia nayo ndani. Alivyomaliza akasema retina inaonekana kama chipsi mayai iliyomwagiwa tomato. Nilidhani anatania, kumbe huko duniani madaktari wanasema pizza, jibini na tomato sosi, yeye kaitafsiri kwa lugha ya kwetu. Nyeupe ni sehemu iliyokufa, nyekundu ni damu.

Mhusika anaitwa saitomegalovirusi, kwa kifupi CMV. Sasa hapa watu huwa wanakosea, wanafikiri dada kaipata sehemu mbaya. Hapana, CMV unayo wewe unayesoma, kwa Afrika watu wazima karibu wote tunayo, tuliipata utotoni kwenye mate na maziwa ya mama, ikaingia ikajibanza kwenye seli za damu na kinga ikaifungia kufuli humo. Ni ndugu wa virusi vya mkanda wa jeshi, wanafanana tabia, wote wakishaingia hawatoki. Jina lake maana yake seli kubwa, kwa sababu seli iliyoingiliwa inavimba na katikati inakuwa na doa jeusi lenye duara jeupe, ukiiweka kwenye darubini inafanana na jicho la bundi. Na ndivyo wanavyoiita kweli, jicho la bundi. Mama aliposikia hilo akasema "si nilisema", haha, haya.

Kufuli linafunguka CD4 zikishuka chini ya 50. Marekani kabla ya 1996, kabla ya dawa za mchanganyiko, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa UKIMWI walipata hii ya macho. Dawa ya gansiklovia iliidhinishwa 1989 kwa ajili hiyo hiyo, 1998 ikaja nyingine inaitwa fomiviseni, dawa ya kwanza duniani ya aina yake, unachomwa ndani ya jicho inaenda kuziba ujumbe wa jeni za virusi, na haikukaa sokoni miaka mingi kwa sababu wagonjwa waliisha. ARV ziliwamaliza wagonjwa, yaani kwa maana nzuri. Natamani dawa zote za UKIMWI zikose wateja namna hiyo.

Ila irudie ile asilimia 30. Kinga zao zote ziko chini, virusi wote wanavyo, sasa wale 70 walisalimika na nini?

Kuanzia 1998 kule Marekani kuna utafiti mkubwa ulifuatilia macho ya watu wenye UKIMWI zaidi ya 2,000 kwa miaka mingi, unaitwa LSOCA, mkuu wake alikuwa daktari Douglas Jabs. Wakachukua na damu kuangalia jeni, na 2010 wakatoa majibu. Nimeisoma hiyo kitu mara nne ndo nikaielewa, ngoja niwape kwa kinyumbani.

Mwili una ujumbe unaitwa interlukini 10. Kazi yake ni kuwatuliza askari wa kinga vita ikiisha, tulieni, rudini kambini, msije mkabomoa nyumba tunayoilinda. Bila huo ujumbe kinga ingekuwa inatuunguza wenyewe. Sasa CMV, mwizi yule, ameiba huo ujumbe. Ndani ya jeni zake ana interlukini 10 yake mwenyewe ya kuigiza, anaitoa, askari wanapokea wanajua imetoka kwa bosi, wanalala. Ni zile sms za "ile hela tuma kwenye namba hii". Na kinachonishangaza, hiyo feki inafanana na ya kwetu kwa asilimia 27 tu! Yaani sms ina makosa ya tahajia kuanzia salamu, na bado simu inaipokea na mtu anatuma hela.

Simu yenyewe, kile kipokezi cha kwenye seli, kinatengenezwa na jeni, na jeni za watu hazilingani. Kuna herufi moja imebadilika kwenye jeni ya hicho kipokezi kwa baadhi ya watu, na LSOCA waliona kwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya walio na badiliko fulani hapo, hatari ya kuugua retina inapanda. Inapanda siyo mara kumi jamani. Siyo kwamba ukiwa nayo basi umeandikiwa upofu, bila CD4 kuanguka hiyo jeni unaishi nayo mpaka uzee na hutaijua.

Na mi sijui kama dada anayo. Hakuna aliyempima na sioni sababu ya kumtafutia hicho kipimo, pesa yake bora inunue nauli ya kliniki. Halafu majibu ya huko huwezi kuyabeba mazima mazima ukaja kuyapanda Mwanza. Mfano ile jeni maarufu ya CCR5 delta 32, iliyojulikana 1996 kwamba ukiwa na nakala mbili inazuia aina nyingi za VVU kuingia kwenye seli, ipo kwa baadhi ya Wazungu, kwetu Waafrika karibu haipo kabisa. Na sisi ndo wenye jeni za aina nyingi kuliko watu wote duniani, kwa hiyo ya kwetu inabidi itafutwe kwetu.

Ila kuna kitu kimoja huo utafiti ulinipa. Ndugu kwa kawaida tunachangia nusu ya jeni, na nusu ninayoipata mimi kwa mama siyo lazima iwe ile aliyoipata dada. Kwa hiyo chungu kimoja, CD4 zinafanana, matokeo mawili, inawezekana bila mtu kukosea kitu. Shangazi alitangaza ukoo mzima kwamba dada alikuwa anaruka dozi, mimi ndo nilikuwa nampelekea maji ya dawa kila saa mbili usiku, najua hakuruka hata moja. Baadaye akabadilisha, eti dawa ndo zimempofusha. Hapo alikuwa na kaukweli kadogo, manake ARV zikianza kufanya kazi kinga inaamka inaikuta CMV kwenye jicho inaanza kupigana humo humo, jicho linavimba ndani na uoni unaweza kushuka zaidi. Lakini kuacha dawa ndo unakabidhi na jicho la pili. La kulia lilipona kwa ARV na zile sindano za gansiklovia, sindano ndani ya jicho ndiyo, kila wiki, mimi nilikuwa nashika mkono wake na ndo nilikuwa nafumba macho.

Kama CD4 zako ziko chini, ziba jicho moja kwa kiganja uangalie kalenda ukutani, afu ziba la pili. Ukiona tofauti, ukiona vidoti, usikubali matone ya aleji, waambie wakutanue mboni. Dada angeziba moja siku ile ya mchele tungejua.

Juzi nyumbani nikamweleza yote haya, sms, simu, herufi moja. Akanyamaza, ungo mapajani kama kawaida, siku hizi mawe anayasikia kwa vidole. Afu akauliza, "kwa hiyo hiyo simu mbovu kanipa baba au mama?"

Mama jikoni akadaka juu kwa juu, "msinianze, ukoo wetu hakuna aliyevaa hata miwani".

"Na babu aliyekuwa anashikwa mkono kwenda msikitini?"

"Babu yenu alikuwa anajifanya. Noti alikuwa anaziona."