Futikamba ya mkunga iliposoma 38

Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji, na futikamba ninaiamini kuliko macho yangu. Mkunga alipoipima mimba yangu ya pili, kuanzia mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, nami nikaiona namba 38 ilhali kadi ya kliniki ilionyesha wiki 31, sikuhitaji kuambiwa kwamba kuna jambo. Kwa kawaida, kuanzia wiki ya 20 hivi, sentimita hukaribiana na wiki; tofauti ya mbili haishtui, ya saba inashtua. Kisha akaweka kiganja ubavu mmoja wa tumbo, akagonga kwa kidole ubavu wa pili, na wimbi likapita chini ya ngozi kama maji ya beseni lililoguswa.

Kituo nilichoanzia walikuwa wameniambia ni mapacha, bila kipimo chochote. Ultrasaundi ya mjini Kigoma ilionyesha mtoto mmoja, na dimbwi lenye kina kirefu kuliko yote la maji yanayomzunguka mtoto lilikuwa la sentimita 10, wakati kuanzia 8 maji huhesabiwa kuwa yamezidi.

Mama mkwe alishaniambia, "Mwanangu, punguza kunywa maji, ndiyo yanayojaa humo." Daktari alikataa. Katika nusu ya pili ya mimba, alisema, maji hayo kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, anaoumeza na kuukojoa tena (nilicheka, nakiri). Yakizidi, huenda mtoto anakojoa kupita kiasi, kwa mfano pale sukari ya mama inapompitia kwa wingi, au hamezi vizuri, kwa sababu umio au utumbo umeziba, au ubongo haukuumbika sawasawa. Upungufu wa damu kwa mtoto nao huweza kuyaongeza. Mara nyingi, hasa yakiwa yamezidi kidogo tu, chanzo hakionekani na mtoto huzaliwa mzima.

Asubuhi moja, bila kula, nilikunywa gramu 75 za glukosi. Baada ya saa mbili sukari ya damu ilisoma milimoli 9.4 kwa lita, na kikomo kwa mjamzito ni 8.5. Chai ikawa bila sukari, ugali ukapungua, samaki wa migebuka na mboga vikabaki. Chai ndiyo iliyoniuma.

Lakini kilichoninyima usingizi ni onyo la daktari kuhusu chupa ya uzazi. Mtoto anayeelea kwenye maji mengi hugeuka apendavyo na kichwa hakikai chini. Chupa ikipasuka kwa kishindo, kamba ya kitovu huweza kutangulia ikabanwa, na mtoto akakosa hewa ndani ya dakika chache tu. Niliagizwa kwamba nikihisi kitu kimetokeza, nipige magoti, kifua chini na makalio juu, nipelekwe hospitali hivyo hivyo. Uchungu wa mapema, kondo la nyuma kubanduka, na mji wa mimba uliotanuka kuchelewa kujikaza hadi damu ikamwagika vilikuwa kwenye orodha hiyo hiyo, kwa hiyo nilihamia kwa shangazi, karibu na hospitali, wiki mbili kabla ya siku zangu.

Alizaliwa wiki ya 38, kichwa kikitangulia, kilo 3.8. Walimchoma kisigino kupima sukari, kisha muuguzi, ili kuona kama umio umeziba, akapitisha mpira mwembamba kutoka mdomoni kwenda tumboni, taratibu, huku mimi nimeshika shuka. Ulipofika bila kukwama, nikapewa nimnyonyeshe.