Pasiwedi moja, watu tisa

Nilipoajiriwa kwenye SACCOS yetu, watumishi tisa tulikuwa tunaingia kwenye mfumo kwa jina moja na pasiwedi moja, iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kalenda ya kaunta. Humo ndani mna namba za NIDA za wanachama, mishahara yao, wadhamini wao, hata sababu ya mtu kuomba mkopo wa dharura.

Siku moja salio la mwanachama likakutwa pungufu. Mfumo ulionyesha saa na jina la aliyeingia: lile letu sote. Kijana wa dawati la mikopo ndiye aliyenyooshewa kidole, kwa kuwa alikuwa mgeni kuliko wote. Alikaa nyumbani wiki tatu. Tulipopekua vocha za karatasi moja moja, ikabainika kuwa marejesho yaliingizwa kwa mwanachama mwingine wa jina linalofanana, na mwandiko haukuwa wa kijana yule. Akarudi kazini, lakini chakula cha mchana hakula tena nasi.

Hilo liliniuma kuliko kitu chochote.

Nikapendekeza tubadilishe namna ya kuingia kwenye mfumo. Bodi ilisita kwa sababu ya gharama, hadi nilipowasomea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nikaanza na kila mtu kuwa na jina lake na pasiwedi yake ndefu, ya maneno manne au matano. Sikuwalazimisha kuibadilisha kila mwezi, maana ukimlazimisha mtu anaongeza tu namba mwishoni.

Hatua ya pili ya kuingia, yaani uthibitisho baada ya pasiwedi, sikutaka itegemee SMS. Tapeli akifanikiwa kurudisha laini yako kwa jina lako, ujumbe wote unakwenda kwake. Nikachagua programu ya simu inayotoa tarakimu sita mpya kila sekunde 30, hata pasipo intaneti.

Wiki ya kwanza tarakimu zilikataliwa, foleni ikafika mlangoni. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba programu ya simu na seva, yaani kompyuta kuu ya mfumo, zote mbili hukokotoa tarakimu hizo kwa kufuata saa, na betri ndogo ya seva yetu ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, saa ilirudi nyuma. Nikabadilisha betri, nikaifanya seva ichukue saa mtandaoni.

Mama keshia alisema, "Mwanangu, mimi na kitochi changu hiki basi." Ofisi ikamnunulia ufunguo wa usalama, kijidude kama flashi, naye ameufunga kwenye kamba moja na funguo za droo ya fedha. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyelindwa kuliko sisi: tarakimu sita unaweza kurubuniwa ukazitaja kwenye simu, ilhali ufunguo ule haujibu ukurasa wa bandia. Bajeti ikiruhusu, wote tisa tutapata.

Namba za akiba, za siku simu ikipotea, zimo kwenye bahasha zilizofungwa ndani ya sefu. Zimetumika mara mbili.

Mwezi uliopita nilishika kaunta ya mwenzangu aliyekuwa likizo, na jioni marejesho yakakutwa kwa mwanachama asiye wake. Nikafungua kumbukumbu za mfumo: jina langu, saa 5 na dakika 12 asubuhi. Nikaenda dawati la mikopo, nikamwomba yule kijana tukae turekebishe pamoja.