Mapepe ya bondeni na suala la takafuli

Mwaka ule masika yalipokatika mapema, mama alikata suke moja la mpunga bondeni kwetu Pemba, akalisugua viganjani, akapuliza. Mapepe yote yakapeperuka, zikabaki punje tatu. Hakusema kitu, alijifunga kanga yake vizuri akashika njia ya nyumbani.

Jirani zetu wengi hawajawahi kukata bima, na sababu wanayoitaja ni ya dini: katika bima ya kibiashara mkulima hununua ahadi asiyojua kama itamfikia, jambo ambalo ni gharari, yaani mashaka ndani ya mkataba, na fedha zake huenda zikawekezwa penye riba. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah liliikataa bima hiyo, likaafiki ile ya kushirikiana, ambayo ndiyo msingi wa takafuli, yaani bima ya Kiislamu. Humo mchango ni tabarrui, yaani utoaji wa hiari kwa mfuko wa wanachama wenyewe, na mwendeshaji hulipwa ujira wa uwakala. Kwa watu waliozoea kula kikoa, hilo halihitaji mhadhara.

Linalonisumbua ni jingine. Kwa kuwa kumpeleka mkaguzi kwenye kila kikonde kungegharimu zaidi ya mchango wenyewe, bima ndogo za kilimo aghalabu hulipa kwa kipimo: mvua ikipungua kiasi kilichowekwa, wanachama wote wa eneo hulipwa. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir, Kenya, walilipwa kwa njia ya takafuli baada ya satelaiti kuonesha malisho yamekauka. Lakini mabonde ya Pemba yamebanwa baina ya vilima, mvua hunyesha huku ikaacha kule, na mengine huingiwa na maji ya bahari, ambayo chumvi yake kipima mvua hakiioni. Aliyeharibikiwa akikosa, na jirani aliyestawi akalipwa, sioni kwa nini hiyo nayo isiitwe gharari, hata hati ikiwa na muhuri wa mashekhe. Ningependa mfuko utenge fungu la chumvi, litolewe kwa ushahidi wa wazee wa bonde.

Nilipomweleza mama, aliuliza mchango unalipwa lini. Nikamjibu kuwa kabla ya masika, wakati wa kuburuga. Akacheka.

"Mwanangu, wakati huo hata pesa ya trekta twakopa. Waambie waje wakati wa karafuu."